Nimeamka Salama

Amna hakuwahi kutulia tangu utotoni, na kazi ya kutengeneza simu pale Ruangwa ilimzidishia. Kutwa anashika hiki, anaacha kile. Kitu kimoja tu kilimtuliza: ujumbe wa maneno mawili, "Nimeamka salama," ulioingia kila siku kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka kwa mama yake huko Marambo.

Mama yake, Bi Sabaha, hakujua kuandika ujumbe, na kupigiwa simu kulikuwa kazi bure kwa sababu masikio yalishakuwa mazito. Kwa hiyo Amna alimfungia ukutani kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, yenye laini ya simu na kitufe kimoja chekundu. Ndani yake aliweka programu ya kutuma ujumbe, ile inayokaa chinichini kimya ikisubiri. Mama akimaliza kuswali alfajiri, anabonyeza. Siku asipobonyeza, walikubaliana, Amna aache kila kitu aje.

Mwezi haukuisha, umeme ukakatika usiku, asubuhi ujumbe haukuja. Amna alipanda bodaboda roho mkononi. Alimkuta mama uani anapeta ufuta, amenuna.

"Mimi nimeamka," mama alisema. "Mashine yako ndiyo imelala."

Kweli. Umeme uliporudi kompyuta iliwaka, lakini programu haikuwaka nayo. Amna aliiwasha kwa mkono siku ile ya kwanza, hakuiagiza ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka. Fundi mzima, kosa la mwanafunzi. Akaiagiza. Halafu, kwa pupa yake, akaongeza mstari mmoja: programu ikijiwasha tu, itume ujumbe, ili yeye akiwa Ruangwa ajue imeamka. Bodaboda ilikuwa inamsubiri nje, hivyo hakusumbuka kutunga maneno mapya. Aliyaazima yale yale ya mama.

Hapo ndipo alipoharibu, na alirudi Ruangwa akijipongeza.

Msimu wa korosho ulipoanza, umeme ukawa wa kuja na kuondoka. Jumanne ujumbe uliingia saa tano. Amna alikuwa ameshavaa viatu, akavivua. Jumatano ukaja saa nne, Alhamisi saa sita. Alijiambia kwamba mama anasubiri umeme urudi ndipo abonyeze, na akajilazimisha kuamini.

Ijumaa uliingia saa tatu, akashukuru. Saa nne ukaingia tena: Nimeamka salama. Saa tano kasoro, tena.

Amna alibaki na bisibisi mkononi. Hakuna mtu anayeamka mara tatu kabla ya adhuhuri. Umeme ndio uliokuwa unakatika na kurudi, na kila ukirudi mashine ilikuwa inajitolea salamu zake yenyewe. Basi ujumbe wa jana ulikuwa wa nani? Na wa juzi? Alimpigia jirani yao, Magreti, simu haipatikani. Aliogopa sana. Alimwachia mteja simu yake ikiwa vipandevipande mezani, akatoka mbio.

Njiani kote alihesabu. Ujumbe wa mwisho wa kweli ulikuwa wa Jumatatu, saa kumi na mbili na robo. Alitaka dereva aongeze mwendo, na hapo hapo alitaka wasifike.

Magreti alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alipoiona sura ya Amna aliwahi kumwambia kwamba mama yu hai. Jumatatu jioni aliteleza bafuni, goti likavimba kama boga, na tangu hapo hawezi kusimama. Magreti alitaka kumpigia Amna usiku ule ule, kabla simu haijaisha chaji. Mama alimkataza. Alisema Amna atajua mwenyewe.

Amna alipiga magoti kando ya kitanda, akamsogelea sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona hukumwambia mtu anipigie?"

Mama alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Si tulikubaliana? Sikubonyeza. Jumanne nilimwambia Magreti apike wali wa kutosha, wewe uko njiani."

Amna alilia, wala hakujificha. Alimweleza habari ya mstari ule, na jinsi mashine ilivyokuwa ikijibu badala yake. Mengine mama hakuyaelewa, ila hili alilielewa.

"Ilikwambia nimeamka salama?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaamini."

Magreti alikwenda kutafuta bajaji ya kumpeleka mama hospitali. Wakati wakisubiri, Amna aliufuta ule mstari, akachomoa waya wa umeme, akachomeka tena. Taa ya kijani iliwaka, programu ikajiwasha, na simu yake ikakaa kimya. Aliitazama muda mrefu kuhakikisha.

"Sasa nisipobonyeza," mama aliuliza, "utakuja?"

"Nitakuja."

Bajaji ilikuwa imeshafika nje. Mama alinyoosha mkono ainuliwe.

"Tutaona," alisema.