Feni ya Mezani

Maabarani mtambo wa yule binti mkemia ulikuwa mdogo wa kukaa mezani: mabomba membamba kama mirija ya soda, gundi inaiva humo kwa dakika chache badala ya kutwa nzima kwenye matangi. Kiwandani walimbandika jina la Fundi Gundi, likamkaa. Leo mtambo ule ule, umekuzwa mpaka unakaribia dari, ulikuwa unawashwa mara ya kwanza, na kijasho kilimtoka kabla haujapata moto.

Juu kwenye jukwaa, ubavuni mwa mabomba, alisimama kaka yake, mwendeshaji wa zamu, spana mkononi.

Kipimajoto kikapanda. Kikapita alama ambayo maabarani hakikuwahi kuigusa, wala hakikuonyesha dalili ya kutulia.

"Tulia, dada," meneja alimwambia. "Ndiyo kwanza unaanza. Ukizima sasa gundi itagandia ndani, na mtambo ndio basi tena. Sijengi wa pili."

Hakuwa anatia chumvi. Fundi Gundi alilijua hilo, na alijua pia kwamba joto likizidi, mabomba yatampasukia kaka yake usoni. Akapiga tena hesabu kichwani. Haikuwa na kasoro, na hapo ndipo alipozidi kuogopa.

"Mdogo wangu!" kaka yake akapaza sauti, akijifuta uso. "Niletee ile feni yako, huku naiva kabla ya gundi!"

Watu wakacheka. Yeye moyo ukampiga paa.

Ile feni! Ilikaa pembeni ya meza yake siku zote, ikimpuliza yeye na kuyapoza mabomba yake. Kila namba aliyoileta kiwandani ilipimwa kwenye upepo ule, na hakuuhesabu hata siku moja. Wasomi nao! Wanapima kila kitu ila kile kinachowapuliza.

"Kaka, shuka! Shuka sasa hivi!" Kabla meneja hajafungua mdomo, akabonyeza kitufe chekundu.

Pampu zikanyamaza, maji baridi yakaingia kuzunguka mabomba. Kipimajoto kikasita, kisha kikaanza kurudi shingo upande. Mle ndani kazi yake ya miaka ilikuwa inageuka jiwe. Meneja aliondoka bila kuaga.

Kaka yake alifika chini akihema. "Umeuzima kwa nini? Si ulikuwa unakwenda?"

"Feni," alisema, machozi yakimtoka. "Ile uliyoninunulia wewe, niliposema nakufa na joto."

Kaka akacheka. Kisha akainua macho kutazama jukwaani. Pale alipokuwa amesimama, rangi ya bomba ilikuwa imebabuka yote. Akamshika mdogo wake mkono, asiuachie.