Sauti ya Nathalie na Seva ya Mbarara

Ulipita Rwekubo, kwenye njia ya kambi yetu, ukatuona, ukageuza shingo. Usikatae. Mwaka 1996 tulipokimbia Kivu Kusini na ng'ombe wakabaki nyuma, uligeuza shingo. Tulipogawiwa mashamba na maturubai hapa kambini Nakivale, Uganda, ulikuja ukapiga picha turubai, sio mtu. Mimi sisahau. Sikusoma chuo, kompyuta nilijifunza kwenye mashine mbovu zilizotupwa Mbarara, na kusahau hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo kaa hapo usome habari ya Nathalie, kwa sababu bado haijaisha.

Nathalie, mama Gisèle, ni jirani yangu, anauza unga wa muhogo. Mwaka 2013 shirika moja la mawakili la Mbarara lilimtuma dada anayeitwa Viviane kurekodi ushahidi wa watu wa Kivu. Nathalie alikaa naye ndani ya kanisa letu, madirisha yamefungwa, akasema jambo ambalo hata mchungaji hakuwahi kulisikia: mtu aliyewaonyesha askari shimo alimojificha mumewe ni Modeste. Modeste huyo huyo ambaye leo ni mwenyekiti wa zoni yetu.

Viviane akamtuliza. Sauti itasafiri kwa njia iliyofungwa hadi kwenye seva ya Mbarara, alisema, na njiani hakuna atakayeisikia. Hakudanganya. Njiani hakuna aliyeisikia.

Mvua zilipoanza, Nathalie alikuwa bombani akingoja maji. Modeste akafika na pikipiki, akazima injini, akamsalimia mbele ya wanawake wote.

"Mama Gisèle, habari ya siku mingi? Unasema shati yangu ilikuwa ya kijani. Hapana, mama. Ilikuwa ya bluu. Siku ingine ukiongea na bageni, useme muzuri."

Wanawake wakacheka, wakidhani ni utani wa nguo. Nathalie aliacha jerikeni pale pale, akaja kwangu bila viatu.

"Papa Gad, ile shati ya siku ya shimo nilimuambia Viviane peke yake. Peke yake! Amejua namna gani?"

"Labda Viviane amesema."

"Viviane alisharudi kwao Kampala. Na Modeste hakuongea kama mtu mwenye kuambiwa. Aliongea kama mwenye kusikia. Nitoshe huku na Gisèle, Papa Gad, fasi yoyote, mbele huyu mutu hajaamua."

Kumtoa kambini na kumhamisha kulihitaji sahihi ya shirika. Nikapanda boda mpaka Rwekubo, kisha teksi mpaka mjini, kisha upande wa Biharwe iliko ofisi yao.

Fundi wa seva yao ni Kalisa, kijana wa hapo Mbarara mwenye digrii yake. Nilimweleza habari ya shati. Hakubisha. Alinivutia kiti.

"Mzee, akaunti ya zoni yenu, nenosiri analo nani?"

"Mwenyekiti."

Alifumba macho kidogo. Kwetu kila kitu kinapita kwa mwenyekiti: sabuni, mbegu, barua, hata kiwanja cha kuzika. Kwa hiyo shirika lilipofungua seva ya kutumiana mafaili, likampa kila mwenyekiti akaunti, awe anatuma ripoti za mabomba na za wagonjwa. Seva hiyo hiyo ndiyo iliyopewa ushahidi. Hakuna aliyejiuliza ushahidi unaweza kumhusu nani.

Kalisa akaingia kwa akaunti hiyo mbele yangu. Kikafunguka chumba cha zoni yetu, yaani folda lake la mafaili. Akaandika amri ya kurudi nyuma, nukta mbili tu mfululizo, tukawa tumetokea kwenye korido. Vyumba vyote vilikuwa mbele yetu, milango wazi: zoni nyingine, zahanati, na kimoja kilichoandikwa "ushahidi". Ndani yake, majina ya watu kamili, na zoni wanazokaa.

"Kila mtumiaji anatakiwa afungiwe chumbani kwake," akasema. "Kwake dunia iishie ukutani. Nilifunga, ssebo, mzee wangu, lakini nilikosea. Seva inataka chumba chenyewe kiwe mali ya msimamizi mkuu, mpangaji, yaani mtumiaji, aandike kwenye kabati la ndani tu. Mimi nikampa mpangaji chumba kizima. Seva ikakataa kuingiza mtu yeyote. Bosi akapiga simu: wafadhili wanakuja, ripoti ziko wapi? Nikaweka alama ya reli, ile #, mbele ya mistari ya kufunga kwenye faili la mipangilio, seva isiisome, kwa wiki moja tu."

"Wiki ya wapi hiyo isiyoisha?"

"Nilimkumbusha bosi. Akaniuliza: mafaili yanafika?"

"Yamefika," nikamwambia. "Mpaka kwa Modeste."

Akavuta kibodi. Tulikaa tukafanya kazi. Vyumba vyote vikarudishwa kwa msimamizi mkuu, kila kimoja kikapata kabati lake, alama za reli zikafutwa, faili la mipangilio likakaguliwa, huduma ikawashwa upya. Nikajaribu nukta mbili mwenyewe. Tukabaki pale pale. Ukuta.

Kalisa akatabasamu. Nikamwomba anifungulie kumbukumbu za seva. Zilikuwepo: akaunti ya zoni yetu, faili la Nathalie, limefunguliwa, limeshushwa. Tabasamu likamwishia.

"Sauti iko kwenye simu ya Modeste sasa," nikasema. "Huko una amri gani ya kuifuta?"

Tukaenda wote kwa mkurugenzi, Bi Yudita. Kalisa alisema kila kitu, hata kosa lake. Bi Yudita akashukuru kwamba seva imefungwa.

"Na sahihi ya kumhamisha Nathalie?" nikauliza.

"Mzee, tukimhamisha kwa sababu hii, tutakuwa tumekiri sauti imetokea kwetu. Kamati itakaa."

"Itakaa. Modeste hakai, mama. Ana pikipiki."

Akageukia dirishani. Shingo ile ile. Naijua.

Nilirudi Nakivale jua bado liko juu. Nathalie alikuwa amehamia kanisani na Gisèle, akina mama wa kwaya wamekaa naye. Mlangoni, Modeste ameegemea pikipiki yake, anamenya karanga, maganda anayaachia kizingitini.

"Papa Gad, karibu. Mbarara banasema nini?"

Niliruka maganda yake nikaingia. Ndani, Nathalie aliniuliza swali hilo hilo kwa macho; nikamwambia kamati itakaa.

Ndiyo maana nakuandikia. Kalisa amefunga alichoweza kufunga. Modeste hajaondoka mlangoni, na akina mama wa kwaya watarudi mashambani kwao. Wewe unayekaa kwenye hiyo kamati, usingoje kuitwa: chukua kalamu, nenda mezani kwa Bi Yudita, sahihi ipatikane leo. Na wewe mwenye gari, achana na ofisi. Pita Rwekubo, safari hii usigeuze shingo, njoo mpaka kwenye kanisa lenye bati jekundu nyuma ya bomba. Simamisha gari mlangoni kabisa, baina ya pikipiki na kizingiti. Mama na binti watatoka na fungu moja la nguo, uwapeleke mbali na zoni hii. Washa gari. Njoo sasa.