Mayowe ya Nyuma ya Ubao

Kinyozi alikuwa na sauti ambayo ukoo mzima uliichukulia kama ugonjwa. Akipiga chafya, watoto wa jirani walianza kulia. Kwa hiyo shemeji yake, mhadhiri wa saikolojia aliyemwoa dada yake, alipokuja saluni kumwambia amempatia kazi ya kupiga mayowe, kinyozi alidhani anachezewa shere.

"Sikutanii, shemeji," mhadhiri alisema. "Nachunguza utii. Nataka kujua kama mtu wa kawaida anaweza kumtesa mwenzake kwa sababu tu mkubwa amemwambia."

Mpango ulikuwa hivi. Mtu aliyejitolea aliketi mbele ya mashine yenye swichi ishirini, akiamini inapeleka umeme kwa mwanafunzi aliyefungwa kitini nyuma ya ubao. Mwanafunzi akikosea jibu, anabonyezewa swichi. Akikosea tena, inayofuata, kali zaidi. Umeme haukuwepo. Aliyekuwepo ni kinyozi, na chupa yake ya chai, na balbu ndogo ya kumwonyesha wakati wa kulia. Swichi ya tano, agune. Ya kumi, apige mayowe. Ya kumi na tano, aombe kufunguliwa. Kuanzia ya kumi na nane, kimya kabisa.

Wiki ya kwanza aliifurahia kazi hadi akaanza kutia madoido. Alimlilia mama yake, akamlilia bibi yake, akafika kwa wajomba. Mhadhiri akamwomba apunguze ukoo.

Wiki ya pili akaja tarishi mstaafu, mzee mpole aliyevaa tai kwa heshima ya chuo.

"Samahani sana, ndugu yangu," kinyozi alimsikia akisema, "nakubonyeza tena."

Walipofika swichi ya kumi, mzee akasita. "Bwana mkubwa, huyu mtu anaumia."

"Tafadhali endelea," alisema mhadhiri, ndani ya koti lake jeupe.

"Naendelea, bwana mkubwa. Samahani, ndugu yangu."

Akaenda hivyo hivyo, samahani baada ya samahani, hadi ya ishirini. Kinyozi, aliyetakiwa kunyamaza kama maiti, alijikaza asimjibu, "Usijali, mzee." Alichungulia kwenye upenyo wa ubao, akamwona anatoka huku akigeuka kuutazama ubao.

"Utamwambia ukweli lini?" akauliza.

"Kwa barua, baada ya miezi mitatu. Nikiwaambia sasa watasambaza habari, utafiti utaharibika."

"Miezi mitatu yote adhani ameua mtu?"

"Shemeji, kazi yako ni kulia."

Kinyozi akanywea. Kesho yake balbu ilipowaka, akalia.

Siku ya nne baada ya tarishi, akaja mkunga mstaafu. Kwenye swichi ya tano kinyozi akaguna. Balbu haikuwaka tena. Akasikia kiti kinasukumwa.

"Mama, tafadhali endelea," mhadhiri alisema.

"Naendelea kwenda kumwona."

Akazunguka ubao, akamkuta kinyozi mdomo umejaa biskuti.

"Wewe, unaumwa wapi?"

Kinyozi akaguna tena.

"Nimesikia watu wakilia kwa uchungu miaka thelathini na tano," mkunga alisema. "Wewe huna hata kichomi." Kisha akamgeukia mhadhiri. "Vua koti. Kaa hapo. Nieleze."

Mhadhiri akavua, akakaa, akaeleza. Kinyozi akapata ujasiri wa kuongeza habari za tarishi na barua ya miezi mitatu.

"Anakaa wapi mzee huyo?" mkunga aliuliza.

"Anwani ipo kwenye fomu, mama."

"Chukua fomu. Inuka."

Akainuka, koti mkononi.

Walimkuta tarishi sebuleni, hajanyoa ndevu, tai bado shingoni. Siku zote hizo alikuwa akizunguka wodi za hospitali kumuulizia mtu aliyeletwa na majeraha ya umeme. Kinyozi alifungua kinywa amwombe radhi, na mzee akaitambua sauti kabla neno halijaisha. Akamshika mikono, akaigeuza huku na huku kutafuta makovu.

"Hukuumia?"

"Koo tu, mzee. Umeme haukuwepo."

Tarishi akaketi taratibu. "Lakini mimi nilibonyeza," akasema. "Zote ishirini."

Mhadhiri, mwenye neno la kitaalamu kwa kila jambo, alisema tu, "Nilikukosea, mzee. Nilikuona unateseka, nikawa naandika."

Mke wa tarishi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Miaka mingapi namwambia atengeneze mlango wa jiko," akasema. Kisha akamgeukia mhadhiri: "Baba, hilo koti jeupe unaweza kuniachia hadi kesho?"

Tarishi akacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, hadi akafuta macho kwa tai.

Kesho yake kinyozi alimwambia shemeji yake kwamba kila anayemaliza atapewa mkono papo hapo na kuelezwa kila kitu, la sivyo atafute mliaji mwingine. Mhadhiri hakubisha. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyefika swichi ya kumi na saba. Alipomwona kinyozi anatoka mzima, anatabasamu, mkono ameunyoosha, alimzaba kibao.