Jina Chini ya Rangi Nyeusi

Hanifa alikuwa amemwapia mtu kiapo kwa kuitegemea kompyuta ambayo hata mwaka hajaitumia. Jamani, ujasiri wa namna hiyo!

"Jina lako halitoki humu, Mama Peniel. Wallahi halitoki," ndivyo alivyomwambia mama huyo wa Mtinko, siku alipokuja Singida mjini kwenye ofisi ya chama cha akina mama kutoa ushuhuda. Mama Peniel alizungumza asubuhi nzima, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni. Hakumtua hata alipoletewa chai. Alisimulia kwamba binti aliyemtangulia huyo alipata lawalawa, ule ugonjwa unaowawasha watoto wa kike sehemu za siri. Zahanati wangempa dawa ukaisha. Lakini bibi mzaa baba alishikilia ya wazee, kwamba tiba yake ni kukeketa, akamwita ngariba wakati mama mtu yuko shambani. Mtoto alivuja damu mpaka akafa. Nyumbani ikasemwa ni homa.

Sheria ilishakataza mambo hayo, na kila mtu alilijua hilo. Ndiyo maana siku hizi walikeketwa watoto wachanga, wasioweza kusimulia. Ofisi ya wilaya nayo ikasema Mtinko hakuna jambo kama hilo, sasa waganga wa hospitali wapelekwe kufundisha nini? Basi chama kikakusanya ushuhuda kiupeleke wilayani kwa karatasi na kwa disketi, na nakala ziende kila kata. Ofisi za kata nani hazijui? Karatasi ikiingia asubuhi, jioni kilabu kizima cha pombe kinayo.

Jina la Mama Peniel likijulikana, mama mkwe angemfukuza arudi kwao Misigiri, na watoto wangebaki, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa. Huyo wa mgongoni naye angebaki. Angebaki na bibi yake.

Kwa hiyo Hanifa alifanya kazi yake kwa moyo wote. Kila palipokuwa na jina alilipaka rangi nyeusi kwenye kompyuta, kama alivyomwona katibu wao, Mama Ritha, akipaka wino mzito kwenye karatasi miaka yote. Akazitazama kurasa zilivyojaa mistari myeusi, akajisifu kimoyomoyo. Kisha akatia disketi kwenye pochi, akaenda kuchapisha kwenye steshenari ya Fabiano karibu na stendi, kwa sababu wino wa ofisi ulikuwa umekwisha.

Fabiano alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na mlango. "Dada, herufi zako ndogo mno, ngoja nizikuze kidogo," alisema. Akavuta mausi kutoka juu mpaka chini, na lo! Weusi wote ukageuka, majina yakatokeza meupe pee. Na Fabiano, bila hata kuulizwa, akaanza kusoma kwa sauti mbele ya wateja: "Martina Deo, mkazi wa..."

Ndilo jina aliloandikisha Mama Peniel! Hanifa alivua mtandio akautupa juu ya kioo cha kompyuta. Akabaki kichwa wazi katikati ya wanaume, yeye binti wa Mzee Mselemu, ambaye hata uani kwao hafungui nywele.

"Vipi tena, dada?"

"Nyamaza, Fabiano! Nyamaza tu, Mungu atakulipa."

Akachomoa disketi, akajifunika, akatoka bila kuaga. Kumbe kompyuta si karatasi! Kumbe ile rangi ni kama shuka juu ya mtu aliyelala, ukiivuta unamkuta yuko pale pale. Naye alibakiza kidogo tu ampelekee bwana afya wa wilaya jina la watu mkononi.

Alipofika ofisini, nani kaketi kwenye benchi? Mama Peniel mwenyewe. Alikuwa amekuja mnadani kuuza kuku, akaona apite kusikiliza walichomwandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Angeweza kudanganya. Mama wa watu hajui kompyuta, angejuaje? Lakini mficha uchi hazai. Hanifa alimweleza yote, rangi, Fabiano, mtandio, huku machozi yakimtoka. Mama Peniel alisikiliza mpaka mwisho, akampigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa amelia.

"Nimeogopa," alisema. "Sikufichi, nimeogopa sana. Ila afadhali nimesikia kwako kuliko kusikia kwao. Haya, andika tena, na kila unachoandika unisomee."

Hanifa alifungua ukurasa mpya mtupu. Ule wa zamani hakutaka hata kuugusa. Safari hii jina la Martina Deo hakulipaka chochote, aliliacha nje kabisa. Akaandika, akasoma: "'Mama Peniel anaeleza kwamba...'"

"Hee! Mwanangu, unataka kuniua? Pale Mtinko nani anamjua Martina? Labda mchungaji na karani wa kura. Hata Deo mwenyewe ananiita Mama Peniel!"

Hanifa akajishika mdomo. Kwa adabu alizofunzwa, alikuwa amemtaja hivyo kila mstari, na hata ile rangi nyeusi hakuipitisha hapo. Jina aliloandikisha mwenyewe ndilo aliloliona jina. Hili la mtoto wa kwanza aliliona heshima tu, na heshima nani huificha? Akafuta.

"'Mama mmoja mwenye mapacha...'"

"Bado mimi. Mapacha wangu walichezewa ngoma kijiji kizima."

"'Mama mmoja, ambaye mume wake hurina asali...'"

"Bado mimi."

"'Mama mkwe wake, bibi anayechechemea...'"

"Huyo ndiye mimi kabisa! Wakishamjua bibi, watashindwa kumjua mke wa mwanawe?"

Hapo wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Hanifa aliona ajabu jinsi mtu alivyotapakaa katika maneno yake mwenyewe, kwenye asali, kwenye ngoma, kwenye mguu wa mkwewe. Wakafuta mashine ya alizeti iliyo jirani na nyumba. Wakafuta msimu wa palizi. Jina la Mtinko walilibakiza, kwa sababu bila hilo waganga wasingepelekwa. Kila kitu kilichoondoka, Mama Peniel aliitikia kwa kichwa na kusema, "Endelea."

Mpaka walipofika mstari mmoja. Hanifa aliuandika kwa mazoea, ila hakuusoma.

"Soma."

"'Mtoto wake wa kike, Asnath, alifariki.'"

Mama Peniel aliinuka kwenye benchi akaja kusimama nyuma ya kiti, akauliza ni lipi hapo. Hanifa akamwonyesha kwa kidole. Mama akalitazama jina kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwahi kuliona likiwa limeandikwa.

"Alikuwa hajabatizwa," alisema. "Kanisani hayumo. Nyumbani bibi yake amekataza asitajwe. Hapa ndipo peke yake alipo."

Hanifa aliumia. Akasema haraka, kabla hajajifikiria, "Naweza kulipaka ile rangi, mama. Litakuwepo chini yake, ila watu hawatal..."

"Yule kijana wa dukani alionaje?"

Hanifa aliondoa kidole kwenye kioo.

Mama Peniel alikaza kanga iliyomshika mtoto mgongoni. "Wa nyuma huyu bado ana uhai," alisema. "Nionyeshe kidude cha kufutia."

Hanifa alimwonyesha. Mama akanyoosha kidole kilichokakamaa kwa jembe, akabonyeza, herufi ya mwisho ikatoweka. Akabonyeza tena. Hakuharakisha. Ilipobaki ile ya kwanza alisimamisha kidole juu ya kidude, midomo yake ikataja jina zima bila sauti, ndipo akabonyeza.

"Imebaki nini? Nisomee."

Hanifa alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "'Mtoto wake wa kike alifariki.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Sasa hapo si mimi tena," alisema Mama Peniel, na kilio alichokizuia tangu siku ile ya shambani kikamtoka. "Hapo ni wengi, mwanangu. Pale Mtinko hapo ni wengi sana."