Abiria wa Kiti Hupita Kwanza

Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Sijisifu, lakini sina mpinzani. Abiria wa kiti hapangi foleni, nami nikikohoa tu watu wananipisha. Wenzangu wananiita Ambulansi.

Siku mama alipohamia ng'ambo kwa dada yangu, niliomba zamu ili nimsukume mwenyewe. Mke wangu alishaondoka zamani, na mama alikuwa amechoka kushinda peke yake kwenye kochi akinisubiri nitoke kazini. Nilikuwa na neno moja la kumwambia: asiende, nitaomba nipunguziwe zamu, tutaishi vizuri. Wiki nzima neno hilo lilinikwama kooni. Nikaamua kwamba siku hiyo tutapanga foleni kama watu wengine, taratibu, na humo ndani nitalitoa.

Ndugu wakabaki mlangoni wakipunga mikono. Nikashika kiti, na mwili ukafanya kazi uliyoizoea. Kwenye mizani ya mizigo nikapita pembeni mwa foleni. Kwenye ukaguzi nikamvua mama viatu na kumvalisha kabla mkaguzi hajamaliza kupiga miayo. Uhamiaji nikatupa salamu mbili tatu, muhuri ukagongwa. Kusema kweli nilikuwa naringa. Nilitaka mama aone mwanawe anavyofahamika hapa. Yeye alikuwa kaupakata mkoba wake.

Langoni abiria walikuwa wameketi wakingoja kuitwa, lakini wa kiti huingizwa kwanza, na dada wa langoni alishanyoosha mkono kupokea tiketi. Tukateremka ule mteremko hadi mlango wa ndege. Hapo ndipo mwisho wangu, sina ruhusa kuvuka. Nikatazama saa. Tangu nje hadi pale, dakika kumi na moja.

Mhudumu wa ndege akamshika mama mkono, akamwinua.

"Mama," nikasema, "nilikuwa na neno."

"Najua, mwanangu. Nilidhani utalisema kwenye foleni."

Akasimama kidogo, akinitazama. Alinipa nafasi, siwezi kumlaumu. Lakini mhudumu naye alikuwa ananitazama, nikaona haya, na mdomo ukatoa kile unachowaambia abiria wote kila siku.

"Safari njema, mama. Karibu tena."