Kituo cha Sita

Mbio za dira zililetwa Ileje na bwana misitu Makame, mtu wa Unguja, aliyezijua alipopelekwa Ulaya kusomea miti. Ni mchezo mwepesi kuueleza, mgumu kuucheza. Unapewa ramani, dira na kadi. Porini kuna vituo, kila kimoja na mlinzi wake na muhuri wake. Unavitafuta mwenyewe, unagongewa kadi, na anayevimaliza mapema ndiye mshindi. Kuuliza njia ni marufuku. Mwaka ule wa 1976 watu thelathini na mmoja walijiandikisha kwa mbio tatu za msimu, na thelathini kati yao walikuwa wanaume.

Aliyebaki alikuwa Sekela, mke wa Ezron, kibarua wa kitalu cha miche pale Itumba. Makame alimfundisha dira ili amsaidie kunyoosha mistari ya kupandia miti, na akashangaa mwanamke yule aliposhika ramani na kuanza kumrekebisha yeye. Sekela aliipenda ramani kwa sababu moja: ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwake isiyouliza yeye ni mke wa nani. Watatu watakaokuwa na alama nyingi mwisho wa msimu wangekwenda Iringa kushindana na mikoa mingine. Kabla ya msimu huo Sekela hakuwahi kuvuka Mbozi. Iringa aliitaka, tena aliitaka wazi, bila kuzunguka, na watu walioudhika waliudhika.

Mbio za kwanza zilikuwa Ruanda ya Mbozi. Ramani ilichorwa kabla ya operesheni ya kuhamia vijijini, kwa hiyo ilionyesha nyumba pasipo na nyumba na njia zilizokwisha kumezwa na nyasi. Wanaume wakaifuata ilivyo, wakaishia kuzunguka katikati ya mahindi ya shamba la ujamaa wakiitana. Sekela alijua mji uliohamwa unavyoonekana, maana na wao walihamishwa. Alitafuta migomba iliyobaki bila mwenyewe, akaunganisha njia za zamani kichwani. Akawa wa pili. Timotheo, mkufunzi wa mgambo, mtu wa kifua na filimbi, akawa wa nane, akasema hadharani kwamba mwanamke yule kabebwa na bahati.

Mbio za pili, za Galula, zikamnyamazisha kila aliyemsifu. Joto la kule bondeni si la mtu wa milimani, na koo lilikwisha kumkauka alipokutana na mama mtu mzima amejitwika kuni. Sekela hakulelewa kumpita mtu mzima mbio bila salamu. Alisimama, akaamkia, akaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za wazazi. Halafu kwa uchovu ulimi ukateleza, akauliza korongo lenye kituo liko wapi. Hapo tu, mama akasema, ukivuka kile kilima. Hapo tu ilimla saa nzima, na alipofika mwisho akakiri mwenyewe kwamba ameuliza njia. Makame akamkata alama, akaporomoka mpaka nafasi ya nne ya msimu. Wa tatu sasa alikuwa Timotheo, aliyefanya vizuri Galula. Hesabu ikawa fupi: ili aende Iringa, lazima amtangulie Timotheo katika mbio za mwisho, za Itumba.

Nyumbani nako maneno yalikuwa yameiva. Mzee Osea, baba yake Ezron na balozi wa nyumba kumi, alimwita mwanawe akamwambia mkewe aache kurukaruka porini na wanaume, ukoo unachekwa. Ezron alimfikishia Sekela ujumbe, Sekela akakataa. Mzee alipouliza kulikoni, Ezron akajibu kwamba alimwambia mara moja, na kumwambia mara ya pili hakuona kuwa ni kazi yake.

Mzee asingeweza kumwambia mwenyewe. Huku kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi wala hamtaji jina. Akimwona njiani hutoka njia, akajifunika na kumpa mgongo mpaka apite. Na mkwe vilevile, hamsemeshi mkamwana wala hamsogelei. Mzee Osea akitaka maji alimwambia mbwa, kwa sauti, na maji yakaja. Miaka minne Sekela alikaa ua mmoja naye bila kujua macho yake yana rangi gani.

Asubuhi ya mbio Ezron alipiga magoti uani, mchana kweupe majirani wakiona, akamfunga mkewe kamba za raba. Filimbi ikalia. Sekela akaanza vizuri, akakipata kituo cha kwanza, cha pili, akaenda hivyo mpaka cha tano bila kusita, na Timotheo akihema nyuma yake. Akateremka kuelekea cha sita, kwenye mvule mkubwa kando ya kijito. Hatua hamsini kabla ya kufika akaona koti jeusi na kofia, akajitupa nyuma ya kichaka hata kabla hajafikiri.

Mlinzi wa kituo cha sita alikuwa Mzee Osea. Makame aliomba walinzi kwa uongozi wa kijiji, mzee akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akataka kituo hicho hasa. Bwana misitu wa watu, mgeni wa mila zetu, akamshukuru sana.

Sekela aliielewa hila yote palepale, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Mzee hakuja kulinda muhuri, alikuja kuziba njia. Timotheo akampita kichakani akicheka, akagongewa kadi, akapotea ng'ambo ya kijito. Wakapita wengine wawili, wenye mbio kumshinda. Kurudi nyumbani kulikuwa rahisi, na kila mtu angemsifu kwa adabu. Sekela aliiona sifa hiyo ilivyo, akaikataa.

Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni juu ya kaptula, akajifunika kichwa na uso, akageuka. Akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea kwenye mvule, akipapasa ardhi kwa visigino, mpaka akasikia harufu ya tumbaku ya mzee. Akasimama. Akapeleka kadi nyuma, mkono umenyooka.

Mzee hakugonga, na hakuweza kumfukuza, maana kumfukuza kungekuwa kumsemesha. Mila iliyomfunga mmoja ilikuwa imewafunga wote wawili. Sekela hakuushusha mkono.

Mwishowe akazungumza na mti.

"Mvule, mimi sijamtazama mtu na sijamsemesha mtu. Nimefuata muhuri wangu. Sitaondoka bila huo muhuri, hata jua litue."

Mzee akakohoa. Naye akaufungulia mti kinywa.

"Mvule, mwambie huyo ana mume."

"Mvule, mume ndiye aliyemfunga kamba za viatu asubuhi hii. Kama kuna aibu, aulizwe yeye."

Kijito kiliendelea kupita. Kisha kadi ikagongwa, kwa nguvu iliyomfikia Sekela mpaka begani.

Hakungoja. Alivuka kijito, akafunua uso, akatazama ramani. Njia ya wazi kwenda kituo cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, ilizunguka mlima, na nyayo za mgambo zilikuwa zimeifuata. Juu ya mlima ramani ilionyesha nyumba tisa. Nyumba hizo hazikuwapo tena, yeye alijua, maana moja aliolewa ndani yake kabla hawajahamishwa. Ila njia ya kuchotea maji, aliyoipanda na mtungi mwaka mzima wa kwanza wa ndoa, haikuwa ya kumpotea. Akaipanda mbio akilia kwa hasira, akashukia upande wa pili penye kituo cha saba, akagongewa kadi. Akafika uwanjani wa tatu. Timotheo alifika dakika nne baadaye, akakuta watu wameshamaliza kupiga vigelegele.

Hapo Timotheo akaleta shtaka. Alimwambia Makame, mbele ya wazee na viongozi wa kijiji, kwamba mwanamke huyu amemwendea mkwewe ana kwa ana, amevunja mila, na timu ya mkoa haiwezi kwenda Iringa na mtu asiye na heshima. Wazee wakaguna. Makame, aliyekuwa ndiyo kwanza anaelewa alichokifanya kwa kumweka mzee pale, akaomba mlinzi wa kituo cha sita aitwe.

Mzee Osea akaja taratibu na fimbo yake. Sekela alipomwona anaingia uwanjani akageuka, akajifunika, akampa mgongo kama kawaida. Neno moja la mzee lingetosha, na hakuna ambaye angelipinga.

Mzee aliwatazama wazee wenzake, kisha Timotheo, raba zake na filimbi yake.

"Uso wake sijauona," akasema. "Nimeona mgongo tu. Na wewe, kijana, kule Ruanda na leo hapa, umeona nini kingine?"