Hondohondo Nyuma ya Mti

Mume wangu Makokha hawezi kutengeneza kitu chepesi. Kigoda chake kinabebwa na watu wawili. Siku kitanda chetu kilipoingia chumbani hapa Kyebando, ilibidi fremu ya mlango ing'olewe kwanza, na siku tutakayohama nadhani tutamwachia mwenye nyumba kitanda hicho. Karakana yake iko kando ya barabara, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: KAZI YA MAKOKHA HAIANGUKI. Kwa hiyo Mwalimu Aristide alipokuja kumwagiza mti wa kuanguka, mimi niliyekuwa nimeleta chakula cha mchana nilicheka mpaka nikaweka sufuria chini.

"Wa kuanguka?" Makokha aliuliza, kama mtu aliyeombwa kuiba.

"Wa kuanguka, Papa. Batoto banaimba, mukata-miti anakuja na panga yake, anapiga, muti inalala pole-pole. Hapo ndiyo Naba anaonekana, anaimba wimbo yake."

Aristide ni Mkongo wa upande wa Beni, na ndiye anayefundisha muziki na Kiswahili katika shule ya msingi anayosoma binti yetu. Alikuwa ametunga mchezo mzima wa nyimbo kuhusu kulinda msitu. Watoto wadogo walikuwa vyura, wakubwa nyani na ndovu, na binti yetu huyo, Nabangala, ambaye sote tunamwita Naba, alikuwa hondohondo, yule ndege mwenye domo kubwa anayeatamia ndani ya tundu la mti. Muda wote wa mchezo alipaswa kujificha nyuma ya mti. Mti ukishaanguka, anabaki amesimama peke yake, kiota mkononi, ukumbi wote unamtazama, na hapo ndipo anaimba.

Wimbo huo ulikuwa kila kitu kwake, na nitasema kwa nini. Mwaka jana, kwenye sherehe ya kufunga shule, mwalimu aliyekuwepo wakati huo alimwambia Naba afungue mdomo bila kutoa sauti, kwa kuwa sauti yake ni nzito na itaharibu wimbo wa wenzake. Sikujua. Nilikaa pale mbele nikimpungia mkono, nikiona mdomo unafunguka na kufungika, nikajisifu kwa majirani. Aliniambia jioni akiwa ananawa miguu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema wali umekwisha. Niliumia, jamani. Nilitaka kwenda shuleni na mwiko. Tangu siku ile hakuimba tena, hata akiosha vyombo.

Kisha akaja Aristide, akawasikiliza watoto mmoja mmoja. Naba alipokoroma mstari wake, mwalimu alipiga makofi na kusema, "Huyu ndiyo ndege yangu!" Mtoto alirudi nyumbani mbio na begi likiwa wazi.

Basi kila jioni mimi nikichambua maharage ya kuuza kesho yake sokoni Kalerwe, yeye husimama uani na kuimba:

*Wamekata, wamekata,*
*mti wa mama wamekata;*
*nitalala wapi leo,*
*nitalala wapi?*

Tatizo lilikuwa moja. Naba anapenda kuvuta sauti mwishoni, na Aristide alimkemea mbele ya wenzake: "Ni *wamekata*, Naba! Ukivuta hiyo *a*, unasema *wamekataa*. Muti itakusikia, na yenyewe ikatae kuanguka!" Watoto walicheka sana, na Naba alilileta neno hilo nyumbani. Nikawa namchungulia dirishani na kumwambia, "Kata, Naba, si kataa," naye ananijibu kwa kunitolea ulimi.

Makokha alijenga mti. Shina la plaiwudi, pana kama kabati, matawi ya mbao nyembamba, na kitako cha mvule ambacho kingeweza kubeba gari. Kwenye goti la shina aliweka bawaba kubwa na kijiti cha kuizuia. Kijiti kikipigwa teke, mti unalala kando taratibu, na kamba ya nyuma inauzuia usidondoke kwa kishindo. Tuliujaribu karakanani na ukalala vizuri kila mara. Ila kila ulipoanguka Makokha aliangalia pembeni, akasema ana kitu jichoni.

Mimi nilishona vazi kwa kitambaa cheusi na cheupe nilichokipata soko la Nakivubo, na domo nikalikata kwenye jerikeni ya njano, dumu kuukuu la maji. Naba alilivaa mpaka mezani. Ilibidi nimkataze kunywa chai nalo.

Jumamosi ya onyesho tulikodi pikapu. Barabara yetu mnaijua, mashimo matupu. Hatujafika hata Kalerwe, mti ukawa unapepesuka huko nyuma kama mlevi, na mwenye ndizi mmoja akatuzomea. Makokha alisimamisha gari, akapanda, akatia skrubu moja ndefu kwenye bawaba ili mti utulie.

"Usisahau kuitoa," nilimwambia.

"Mama Naba, mimi nisahau skrubu yangu mwenyewe?" Akachomeka bisibisi kwenye mfuko wa shati.

Tulifika shuleni salama. Vijana waliusimamisha mti jukwaani, na Makokha alikuwa anaufuata nyuma wakati mwalimu mkuu alipomshika mkono: kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kinatikisika. Ukimwonyesha Makokha kiti kinachotikisika, umempoteza. Alikikaza kile, akajaribu cha jirani yake, akakuta nacho kinacheza, na mpaka kengele inalia alikuwa amekaza safu nzima ya mbele na anapanguza mikono kwa furaha. Akaja kukaa kando yangu.

Upande wangu wa pili alikaa Hajati Aminah, Mnubi, jirani yetu wa siku nyingi. Mjukuu wake Faruk ndiye aliyekuwa mkata miti, na alikuwa amemletea kanzu ya kubadilisha, eti asiende nyumbani na nguo za shetani.

Mchezo ulianza vizuri. Vyura waliimba "hatali, hatali inakuja," na hakuna aliyewasahihisha kwa sababu walikuwa wanapendeza mno. Ndovu alikanyaga mkonga wake. Kisha Faruk akaingia na panga la karatasi ngumu, amejichora masharubu, na watoto wa mbele wakampigia kelele kweli kweli. Akapiga mti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapiga kijiti teke. Kijiti kiliruka mpaka miguuni mwa mgeni rasmi.

Mti haukuanguka.

Aristide kwenye kinanda alirudia kipande kilekile cha muziki. Faruk akapiga tena. Mti ukabaki wima. Watu wakaanza kucheka, kwanza watoto, kisha sisi wakubwa. Mimi nilikuwa nacheka pia, mpaka nilipoona mkono wa Makokha unapanda polepole kwenye mfuko wa shati na kugusa bisibisi.

"Skrubu," alisema.

Kicheko kilinikauka. Nyuma ya lile kabati la mti mtoto wangu alikuwa amesimama na domo lake la jerikeni, kiota mkononi, anangoja. Mti usipoanguka, haonekani. Asipoonekana, haimbi. Mwaka jana walimfunga mdomo, na mwaka huu baba yake amemfungia mlango. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Makokha alianza kuinuka. Nikamshika mkanda wa suruali. "Unakwenda wapi?"

"Kuitoa."

"Ukipanda pale na bisibisi, watu watakuangalia wewe. Mchezo utakuwa wako. Kaa chini!"

Akakaa. Uso wake ulikuwa umeshuka hivi kwamba hasira yangu ilikosa pa kushika. Jukwaani Faruk aliusukuma mti kwa bega, kisha kwa mgongo, kisha akawageukia watu, akatupa panga chini na kupiga ukelele:

"Hii mti imekataa!"

Ukumbi ukalipuka. "Yalaa," Hajati Aminah alisema huku akifuta machozi ya kicheko, "mti ya mume wako, Mama Naba, iko na kichwa ngumu sana."

Na katikati ya kelele hizo nikaisikia. Ilitoka nyuma ya mti, nzito, ya chini, kama mtu anayesukuma meza sakafuni:

*Umekataa, umekataa,*
*mti wa mama umekataa;*
*nitalala hapa leo,*
*nitalala hapa.*

Akaivuta ile *a* mpaka mwisho, kama alivyopenda siku zote, na hakuna aliyemkemea. Kicheko kilianza kupungua safu kwa safu. Aristide alikuwa ameinua mikono kutoka kwenye kinanda, kinywa wazi. Kisha akaitafuta sauti ya Naba kwa kidole kimoja, akaipata, akamfuata. Naba aliimba mara ya pili na ukumbi wote ukatega sikio. Sikujua kwamba sauti ile inaweza kujaza nyumba kubwa namna hiyo. Nilikuwa nimeisikia uani tu, nikiwa na maharage mapajani.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu alikuwa anapiga video. Aliniinamia akauliza, "Jamani bambi, nani huyo anaimba? Mimi simwoni."

"Ni wangu," nilimwambia. "Yuko nyuma ya mti."

Nikamwangalia Makokha nimcheke kidogo, maana alistahili. Alikuwa analia wazi wazi, na safari hii hakusema ana kitu jichoni.

Mwishoni Naba alitokea pembeni mwa shina, domo limeenda upande, akashangaa watu wamesimama. Vyura na nyani walikuja kumzunguka wakauimba wimbo wake mpya. Faruk naye akaimba, masharubu yameyeyuka kwa jasho. Watoto waliokuwa na miche ya kupanda mahali pa mti uliopaswa kuanguka walihangaika kidogo, kisha wakaipanga kuzunguka mti uliosimama. Mgeni rasmi alipiga makofi kwa muda mrefu, na kiti chake hakikutikisika.

Baadaye Aristide alimkumbatia mume wangu. "Papa, Ijumaa tunarudia, kwa bazazi bale hawakukuja. Minakuomba, ile skrubu usiguse."

Makokha aliitikia, lakini mimi namjua. Jumapili baada ya ibada nilimkuta karakanani ameusimamisha katikati mti tuliorudi nao, anauzunguka, penseli sikioni.

"Naba," aliita. "Simama kule nyuma."

Naba alikwenda.

"Mdomo wako uko wapi?"

"Upi, wa jerikeni?"

"Wa kwako."

Naba akagonga plaiwudi kwa kidole, ko, ko. Makokha akaweka sikio, akagonga upande wetu kuhakikisha, kisha akachora duara pale pale, kubwa kiasi cha uso wa mtoto. Ndiyo, hondohondo hukaa ndani ya tundu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelikumbuka. Alichukua msumeno mdogo. Akamwambia Naba arudi nyuma hatua kadhaa, akauliza kama amerudi, akauliza tena. Kisha akasimama tu na msumeno mkononi, anautazama mti wake.

"Baba," sauti nzito ikatoka nyuma ya shina, "ni kata. Si kataa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Makokha akakata. Kipande cha duara kilipoanguka sakafuni hakuangalia pembeni. Naba alisogea, akaweka uso wake kwenye tundu, akatutazama, akaanza kuimba. Nikauona mdomo wake unafunguka, na sauti ikitoka humo humo.